Stelingi aliyekubali kufa

Wiki hii sitazungumzia bei ya sukari wala daladala, maana nikiendelea na hayo hayo mtanizimia redio. Leo tuzungumze sinema.

Wengi wenu mnamfahamu Forest Whitaker, hata kama jina linawatoka. Ni yule Mmarekani mweusi, mpana, mwenye kope ya jicho la kushoto iliyolegea, aliyeigiza kama Idi Amin katika filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Filamu ile ilipigwa Uganda kwenyewe, na Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, jambo ambalo sisi wenye lugha tunapaswa kumpa heshima yake. Mwaka 2007 akapewa tuzo ya Oscar. Sisi tuliomfahamu Amin kwa vita ya 1978 na 1979 tulikwenda kumtazama kwa jicho la pembeni, tukijiuliza kama kweli ataweza kumpata yule nduli. Akampata.

Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1999, Whitaker alikuwa ameigiza muuaji wa aina nyingine kabisa. Filamu inaitwa Ghost Dog: The Way of the Samurai. Ghost Dog ni kama kusema Mbwa Mzimu, na samurai ni wale askari wa jadi wa Japani waliotembea na panga mbili kiunoni na kumtumikia bwana mmoja hadi kaburini. Aliyeitunga na kuiongoza ni Jim Jarmusch, mzungu wa Akron, Ohio, mtu wa filamu za polepole ambazo wenye haraka hawazipendi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei mwaka huohuo.

Mara ya kwanza niliiona katika kibanda cha video cha mtaani kwetu, miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye kanda iliyowekewa sauti ya Kiswahili na mmoja wa wale watafsiri wetu wanaosimulia picha toka mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Vijana walijaa kwenye mabenchi kwa sababu ubao wa mlangoni uliandikwa kwa chaki: Samurai Mweusi, Mapigano Mwanzo Mwisho. Kufika dakika ya 20 wakaanza kuguna. Stelingi anasoma kitabu. Stelingi analisha njiwa. Stelingi amekaa bustanini anazungumza na mtoto wa shule habari za vitabu. Na mwisho wa yote, stelingi anapigwa risasi barabarani mchana kweupe, anakufa, na bastola yake mwenyewe haina risasi hata moja.

Palizuka fujo. Kijana mmoja alidai arudishiwe hela yake. Na alikuwa na hoja, kwa sababu sheria ya picha inajulikana tangu enzi za kumbi za Empire na Avalon pale Dar es Salaam: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kuchomwa moto, kutupwa mtoni na gunia la mawe, lakini hafi. Mimi nilitoka pale kimya kimya. Sikuwa nimeielewa, ila ilinikaa.

Mwezi uliopita nimeitazama tena, safari hii bila mtafsiri, nyumbani kwangu, pamoja na mdogo wangu mmoja, mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Ndipo nikaona jambo ambalo kibandani halikuonekana. Nitalifikia.

Kwanza kisa chenyewe. Ghost Dog anaishi peke yake katika kibanda cha mbao juu ya paa la jengo refu, katika mji usiotajwa jina. Sehemu kubwa ilipigwa Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Anafuga njiwa. Hana simu. Anayemtaka anaandika kikaratasi, anakifunga mguuni mwa njiwa, njiwa anaruka. Kazi anayotumwa ni kuua watu. Mteja wake ni mmoja tu, mzee wa Kiitaliano aitwaye Louie, mtu wa cheo cha chini katika genge la mafia. Malipo ni mara moja kwa mwaka, siku ya kwanza ya majira ya kupukutika majani. Louie hajui jina halisi la huyu mtu wala mahali anapolala.

Kwa nini mtu mwenye ufundi wa namna hiyo ajiweke chini ya mzee kama Louie, ambaye hata mbele ya wenzake hasikilizwi? Kwa sababu ya deni. Zamani, Ghost Dog akiwa kijana, kundi la vijana wa kizungu lilimkamata kichochoroni likampiga karibu kumtoa roho. Louie akatokea, akafyatua bastola, mmoja wao akaanguka, kijana akapona. Miaka minne baadaye kijana yule akaenda kubisha mlango wa Louie na kumkabidhi maisha yake. Toka siku hiyo anajihesabu kuwa samurai, na Louie ni bwana wake.

Mambo yanaharibika siku anapotumwa kumuua mtu wa mafia aliyekuwa akitembea na Louise, binti wa bosi mkuu, mzee Vargo. Waliambiwa binti hatakuwepo. Yupo. Amekaa pembeni anasoma kitabu, anaona kila kitu. Hapo wakubwa wanaamua kwamba mwuaji naye lazima auawe, ingawa ni wao wenyewe walioagiza kazi ile ifanyike. Louie anatakiwa amtoe mtu wake. Anasitasita, lakini anafuata amri, kwa kuwa naye ana mabwana zake.

Hebu watazameni hao mabwana. Ni vizee. Wanakutana katika kilabu chakavu, nyuma ya mgahawa, na kodi ya pango wameshindwa kulipa. Mwenye nyumba anawafokea kama anavyofokewa mpangaji yeyote wa Manzese. Kupanda ngazi wanahema. Saa zote wanatazama katuni kwenye televisheni, wale paka na ndege wa kuchorwa, wakiwa wamekodoa macho kama watoto wa chekechea. Wanazunguka kwenye mapaa ya mji kumtafuta mfuga njiwa, na njiani wanaua mfuga njiwa asiyehusika, basi tu, kwa kuwa yupo. Jarmusch anawacheka, nasi tunacheka naye, mpaka wanapokifikia kibanda cha Ghost Dog wakiwa mwenyewe hayupo, wakawaua njiwa wake wote. Hapo kicheko kinakatika.

Angeweza kukimbia. Angeweza kuanza na Louie, aliyemtoa. Lakini kwa sheria anayoifuata, mtumishi hana ruhusa ya kumgusa bwana wake, hata bwana akimkosea. Basi anakwenda hadi kwenye jumba la Vargo, na mwishowe anawamaliza wote, kasoro Louie. Louie anampiga risasi ya bega makusudi, ili asije akashukiwa kuwa wana njama. Huyu ni mtumishi anayemjeruhi bwana ili kumlinda.

Hapa naomba niseme lililo moyoni. Filamu hii inampenda mno stelingi wake. Kuna mahali anawakuta wawindaji wawili wa kizungu kando ya barabara wamemuua dubu, naye anawaua kwa ajili ya yule dubu, na sisi tunatarajiwa kupiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu anayeishi kwa kuua wenzake kwa mshahara wa mwaka hana kiti cha kukalia kama hakimu wa dubu. Na watu wote aliowaua kwa amri ya Louie kabla kisa hakijaanza, wao walikuwa nani? Walikuwa na deni gani kwake? Filamu haiulizi. Adabu yake, vitabu vyake na saumu yake ya mawazo vinawafunika wale marehemu kama shuka safi.

Hata hivyo kuna sehemu ninazozipenda bila masharti. Rafiki mkubwa wa Ghost Dog ni Raymond, muuza aiskrimu kutoka Haiti, anayeigizwa na Isaach de Bankolé, mwigizaji mzaliwa wa Côte d'Ivoire. Raymond anajua Kifaransa tu. Ghost Dog anajua Kiingereza tu. Hawaelewani hata neno moja, lakini kila mmoja anasema jambo lilelile alilosema mwenzake dakika moja iliyopita, bila kujua. Huyu anasema aiskrimu ni chakula kizuri, yule anaeleza kwa lugha yake uzuri wa aiskrimu. Kule kibandani mtafsiri wetu aliwafanya wote wawili waongee Kiswahili safi cha Kariakoo, wakaelewana vizuri kabisa, na utamu wote ukamwagika. Sikumlaumu sana. Angefanyaje?

Muziki nao ni wa RZA, wa kundi la Wu-Tang Clan kutoka Staten Island, vijana waliokulia kwenye kumbi za sinema za New York wakitazama picha za kung fu kiasi cha kukipa kisiwa chao jina la Shaolin. Wale mliokuwa mkitoka Empire jioni mkirushiana mateke barabarani baada ya picha ya Bruce Lee mnajua ugonjwa huo. Wao walikuwa mtaa wao, sisi wetu, picha zilezile. RZA mwenyewe anapita mbele ya kamera mara moja, kwa mavazi ya kijeshi, anamwinamia Ghost Dog kwa heshima, anakwenda zake.

Sasa njooni kwenye lile jambo nililosema nitalifikia. Tukio la kichochoroni, lile lililozaa deni, linaonyeshwa zaidi ya mara moja. Ghost Dog anapolikumbuka, kijana wa kizungu amemwelekezea bastola yeye, aliyelala chini, na Louie anafyatua ili kumwokoa. Louie anapolisimulia, ile bastola imemwelekea Louie mwenyewe. Alifyatua kujiokoa. Yule kijana mweusi chini ya miguu yao akapona tu, kama anavyopona mtu aliyekuwa karibu.

Mnaiona tofauti? Yote aliyoyafanya mtu huyu, miaka yote ya kutii, maiti zote, paa na njiwa, vyote vimejengwa juu ya msingi mmoja, kwamba fulani alinikomboa. Na yule fulani kwa kumbukumbu yake hakumkomboa mtu. Jarmusch hasemi ipi ndiyo kweli. Hakuna mhusika hata mmoja anayegundua. Inapita kwa sekunde chache, na mdogo wangu hakuiona mpaka nilipomrudishia nyuma.

Si bahati mbaya kwamba kitabu alichokuwa akisoma Louise siku ile ya mauaji ni Rashomon, hadithi za Mjapani Akutagawa Ryunosuke. Ndani yake mna hadithi ya mauaji porini ambapo kila shahidi anasimulia kisa tofauti, na marehemu naye anasimulia chake kupitia kwa mganga wa kupandisha pepo. Kurosawa aliitumia kwa filamu yake ya mwaka 1950, iliyowapeleka Wajapani kwenye tuzo kuu ya Venice mwaka uliofuata. Kitabu hicho kinapita mikono mingi katika filamu: kutoka kwa Louise kwenda kwa Ghost Dog, kwa mtoto wa shule aitwaye Pearline, kikarudi kwa Ghost Dog, na mwishowe anakabidhiwa Louie. Louie akikisoma huenda akakumbuka vingine. Sidhani kama ni msomaji.

Kitabu kingine, anachokisoma Ghost Dog kama wengine wanavyosoma msahafu, ni Hagakure. Maana ya jina hilo ni kufichwa na majani. Vipande vyake vinaandikwa kwenye skrini katikati ya picha na sauti ya Whitaker inavisoma: samurai aishi kila siku kama mtu aliyekwisha kufa, amtangulize bwana wake mbele ya nafsi yake, na mengine ya namna hiyo. Ukisikiliza unadhani aliyeyasema ni shujaa aliyetoka vitani akiwa na damu hadi viwikoni.

Hakuwa hivyo. Yamamoto Tsunetomo alizaliwa mwaka 1659 katika himaya ya Saga, kusini mwa Japani, na vita vikubwa vya mwisho vya zama zake vilikuwa vimekwisha mwaka 1638. Hakupigana vita hata siku moja. Alikuwa mhudumu na karani wa bwana wake, Nabeshima Mitsushige, mpenda mashairi, na kazi mojawapo kubwa aliyomfanyia ilikuwa kumtafutia maandishi ya ushairi kutoka Kyoto. Bwana alipofariki mwaka 1700, Tsunetomo alitaka kujiua amfuate, kama desturi ya zamani ilivyokuwa. Akazuiwa. Desturi hiyo ilikuwa imepigwa marufuku, na aliyeipiga marufuku pale Saga, mwaka 1661, ni bwana huyohuyo. Basi mtumishi akanyoa nywele, akawa mtawa, akahamia kibandani mlimani. Kwa miaka kadhaa, hadi 1716, kijana mmoja akawa anapanda kumsikiliza na kuandika maneno yake. Alifariki mwaka 1719 kwa kifo cha kawaida.

Kwa hiyo kitabu kinachofundisha kufa kiliandikwa kutoka kinywani mwa mtu aliyenyimwa ruhusa ya kufa, akimlilia bwana ambaye hakutaka kufuatwa. Karne mbili baadaye, katika vita vya miaka ya 1930 na 1940, wakubwa wa jeshi la Japani wakawapa vijana maneno yale, na vijana wakafa nayo kwa maelfu. Yeye alikuwa karani mwenye huzuni.

Na si yeye peke yake. Mwaka 1967 Mfaransa Jean-Pierre Melville alitengeneza Le Samouraï, picha ambayo Ghost Dog ni kama mjukuu wake. Alain Delon, aliyefariki mwaka 2024, anaigiza muuaji wa kukodiwa wa mjini Paris, mkimya, mpweke, mwenye ndege kizimbani badala ya njiwa, anayeiba magari kwa shada la funguo kama Ghost Dog anavyoyaiba kwa kifaa cha umeme. Filamu inaanza kwa maneno mazito juu ya upweke wa samurai, yanayosemekana yametoka katika kitabu cha Wajapani. Hakuna kitabu kama hicho. Melville aliyatunga mwenyewe. Na mwisho wake Delon anapigwa risasi na polisi, bastola yake inafunguliwa, ni tupu. Jarmusch amechukua kila kitu, hadi utupu wa bastola, na wala hafichi.

Mtaniambia, basi yote ni uongo juu ya uongo. Karani anayeota vita, Mfaransa anayetunga nukuu, na kijana mweusi wa Marekani anayempa ubwana mzee asiyejua jina lake. Nami nawajibu, ndiyo, na hapo ndipo picha inaponishika koo. Maana uaminifu wa Ghost Dog si uongo. Huo ndio kitu pekee cha kweli katika mji ule. Wale wazee wa mafia wana damu moja, wana kilabu, wana viapo, na wanauzana kama ndizi.

Nafungua mabano kidogo, maana kuna atakayeuliza kama mtu mweusi na upanga wa samurai vimekutana kwenye sinema tu. Hapana. Mwaka 1579 Mwafrika mmoja alifika Japani pamoja na mapadri Wajesuti, na Wajapani wakamwita Yasuke. Kuna Mjesuti wa karne ya 17 aliyeandika kwamba alitoka Msumbiji, pwani yetu hii hii ya mashariki. Mwaka 1581 mtawala Oda Nobunaga alipomwona aliagiza aoshwe, akidhani amepakwa wino, wino haukutoka. Akamweka karibu naye, akampa nyumba, posho na upanga. Mwaka uliofuata Nobunaga alisalitiwa na jemadari wake Akechi, akafa. Yasuke akaenda kupigana upande wa mtoto wa bwana wake hadi alipozidiwa na kutoa upanga. Akechi akasema huyu si Mjapani, asiuawe, apelekwe kwa mapadri. Hata kifo cha samurai alinyimwa, sawa na Tsunetomo, ila kwa sababu nyingine. Nafunga mabano.

Mwisho wa filamu mnaujua sasa. Louie, kwa kuwa mabwana zake wameuawa, analazimika kulipiza kisasi. Wanakutana barabarani mchana, mbele ya gari la aiskrimu, kama picha ya ng'ombe za zamani. Ghost Dog ameshatoa risasi zote. Hagakure amempa Pearline. Rashomon anampa Louie. Louie anafyatua, mara ya kwanza, mara ya pili, mikono inatetemeka. Raymond analia kwa Kifaransa. Pearline anaokota bastola tupu, anamlenga Louie, anavuta, inalia tu. Louie anaingia kwenye gari kubwa linalomsubiri. Ndani ya gari bosi mpya ni Louise, binti wa Vargo, na Louie ameshapata bwana mwingine wa kumtumikia. Pearline anabaki na kile kitabu, anakisoma.

Picha ilipokwisha mdogo wangu hakusema kitu. Akaomba maji. Nami nilikuwa na neno nililolibeba tangu mwaka 2002, na nikaona leo au basi tena. Ameniruhusu nilisimulie hapa mradi nisitaje majina.

Baba yangu mdogo alikuwa mlinzi wa ghala la tajiri mmoja mkoani Tanga kwa miaka 31. Mwaka 1971 mtoto wake wa kwanza, ndiye huyu mdogo wangu, alishikwa na homa ya uti wa mgongo usiku kule shambani. Hakuna gari, hakuna baiskeli. Wakambeba mgongoni hadi barabara kuu. Lori la tajiri likapita, likasimama, likawafikisha hospitali, mtoto akapona. Mwezi uliofuata baba mdogo akaenda dukani kwa tajiri kuomba kazi, kazi yoyote. Hakutoka tena. Mshahara ukichelewa haulizi. Wenzake walipoandika barua kudai nyongeza, yeye hakutia dole gumba. Mwaka mmoja mali ikapotea ghalani, akalala mahabusu siku nane bila kumtaja mtoto wa tajiri, ambaye mtaa mzima ulijua ndiye aliyeibeba. Nyumbani mama mdogo alikuwa akiuliza, mpaka lini? Yeye anajibu, yule mtu alinipa mtoto.

Alipofariki, tajiri alikuja matangani, mzee sana, akakaa kwenye mkeka pamoja nasi. Nikamsogelea kumshukuru kwa habari ya lori. Akanitazama. Lori gani? Nikamweleza. Akafikiri, kisha akasema, ah, huyo alikuwa dereva wangu fulani. Alikuwa na tabia ya kubeba watu njiani, nikamkata mshahara kwa hilo. Mimi usiku ule nilikuwa nimelala kwangu.

Nilinyamaza. Sikumwambia mama mdogo, sikuwaambia watoto. Niliogopa kwamba nikisema, nitakuwa nimemvua yule marehemu miaka 31 kwa mkono mmoja.

Haya ndiyo niliyomwambia mdogo wangu usiku ule, televisheni ikiwa imeganda kwenye majina ya waigizaji. Nilitegemea atakasirika. Akanywa maji yake hadi mwisho.

Akasema, kaka, baba alikuwa anajua. Yule dereva alikuwa rafiki yake, alikuja nyumbani mara nyingi, alituletea machungwa. Alimwambia tangu mwaka uleule.

Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini?

Akasema hata yeye alimuuliza baba yake swali hilo mara moja, akiwa kidato cha pili. Na baba alimjibu kwamba lori lilikuwa la tajiri.